Betri Iliyoachwa Mezani

Mwizi wa fremu aliiacha betri. Jambo hilo lilimkera Inspekta Bertila tangu alipoingia stoo ya shule ile ya sekondari pale Newala, na hakuweza kutulia. Fremu ya picha ya maigizo ilikuwa imeondoka na saketi yake yote. Betri na waya vilibaki mezani, vimepangwa vizuri kama sahani zilizooshwa. Kufuli lilikuwa zima.

Gasper, mlinzi, alikuwa amelala mahabusu kwa sababu ufunguo ulikuwa wake. Mchana huo timu ya maigizo ilitakiwa iwe jukwaani Masasi, na mkuu wa shule hakuacha kupiga simu kuuliza kama Gasper ameshasema. Jamani, mtu aseme nini kama hajui? Bertila akaizima simu.

Akamwita Mwalimu Shadrack, aliyeitengeneza fremu. Mwalimu alieleza haraka haraka kuwa kioo chake ni karatasi ya kielektroniki, na nyuma yake kuna kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti. Ameiandikia programu ili kwenye mchezo picha ya babu ukutani ibadilike uso kila mjukuu anapodanganya.

"Bila betri inafanya kazi?"

"Haibadiliki, afande. Lakini picha ya mwisho inabaki palepale, hata mwaka. Ukiiwekea umeme ndipo inajifuta."

"Nani mwingine anajua hayo?"

Hakuna, alisema. Kisha akakumbuka kwamba Mama Loyce, mshonaji wa maleba, aliwahi kumuuliza kwa nini picha haizimiki akichomoa waya.

"Picha ya mwisho ilikuwa ya nani?"

Mwalimu akatazama sakafu. "Ya Loyce. Nilikuwa naijaribu programu."

Loyce ndiye aliyekuwa aigize mjukuu. Aligongwa na lori barabara ya Masasi mwanzoni mwa msimu wa korosho, akafa, na simu yake yenye picha zake zote ikasagika palepale. Bertila ndiye aliyeipima ile ajali.

Walimkuta Mama Loyce barazani, kwenye cherehani. Bertila akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasogezewa kigoda. Hakukaa.

"Mama, Gasper yuko ndani."

Cherehani ikasimama. "Kwa lipi?"

"Kwa fremu."

Ilikuwa wazi kwamba hakujua. Aliingia chumbani akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua. Loyce alikuwa anacheka, mweusi na mweupe, na mwanya wake.

"Ni mimi. Gasper alinifungulia nichukue maleba, nikaifunga humohumo kwenye nguo. Hakuona. Mwachieni."

"Kwa nini hukumwomba mwalimu akusafishie picha?"

"Nimemwomba tangu msiba. Ananiambia kesho, mama, kesho. Juzi nikamsikia akisema sasa anaiwasha. Ningengoja kesho gani tena?"

Shadrack alikuwa mlangoni. Akapiga magoti. Picha ilishafutika kwenye kompyuta yake, alikiri, na aliona haya kumwambia mfiwa. Iliyobaki ni hiyo ya kwenye fremu tu.

"Na bado ungeiwasha," Bertila alisema.

"Ndiyo, afande."

Bertila alitaka kumzaba kibao. Badala yake akapiga simu kituoni, Gasper aachiwe. Kisha akaipiga fremu picha kwa simu yake juani, akawapeleka wote studio karibu na stendi. Picha ilipotoka, Mama Loyce aliipepea ikauke, akaibana kifuani. Jalada la wizi, Bertila alisema, angeliandika kesho.

Betri ya kule stoo ilikuwa mkononi mwa Shadrack. Basi la shule lilikuwa linapiga honi nje. Mwalimu alianza kuichomeka, akaacha, akamtazama inspekta. Inspekta naye akatazama pembeni.

"Lete," Mama Loyce alisema. "Watoto wanasubiri."

Akaichomeka mwenyewe. Uso wa Loyce ukawa mweusi, ukawa mweupe, ukaisha. Babu akatokea.

Mama Loyce aliendelea kuushika ule waya.

"Alikuwa ameshika maneno yote ya mchezo," alisema. "Hata ya babu."