Mchumba Anasema Nini

"Dada Mwavita, tunakushukuru sana kwa kukubali Cankuzo."

Mwavita alikuwa sokoni Kinama anampimia mteja ndagala, wale dagaa wakavu, kwa kikombe, simu ameibana kati ya sikio na bega. Kikombe kikabaki hewani.

"Cankuzo gani, mwalimu?"

Aliyepiga alikuwa Mwalimu Orpha wa seminari ya kiinjili anayosoma Landry, mchumba wake Mwavita.

"Landry hakukuambia? Akimaliza mwezi ujao tunamutuma Cankuzo, kule mbali mupakani, miaka tatu, kuanzisha kanisa. Kwa dosie yake kuna mustari unauliza, 'Mchumba anasema nini?' Ameandika, 'Amekubali kwa moyo wote.'"

"Kwa moyo wote?"

"Ndiyo vile. Lakini hapa kwetu hatuaminiake karatasi, ndiyo maana napiga. Sisi hatutumi mutu moja, tunatuma nyumba. Mutu akienda na bibi mwenye hakukubali, mwaka haiishi, kanisa inakuwa ya magomvi."

"Mwalimu, Cankuzo mi ndiyo naisikia sasa hivi kwako."

"Basi nimesikia. Dosie zinafungwa kesho saa sita. Mukizungumuza, aniletee mustari wa kweli. Uongo siupeleki mbele."

Simu ikakatika. Meza ya pili alikuwepo Zubeda, muuza binzari, mwenye masikio marefu kuliko soko lote.

"Kuna nini, mudogo wangu?"

"Nimekubali kuhamia Cankuzo."

"Lini?"

"Sijue, da Zubeda. Uulize Landry, yeye ndiye amenikubalia."

Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Na tusimwonee Landry: ni kijana mzuri, halewi, hatazami wa wenzake. Shida yake ni moja tu. Kwake kila jambo ni mahubiri, na kila mahubiri yana pointi tatu. Mwambie kichwa kinakuuma, atakupa pointi tatu. Siku alipomposa Mwavita alitoa pointi tatu, na ya tatu ilikuwa na kifungu (a) na (b). Mwavita siku hiyo alicheka. Leo kicheko kilikuwa kimekauka.

Akaandika ujumbe: "Umesema nimekubali Cankuzo?"

Jibu likaja: "Mpendwa wangu, amani iwe nawe. Naomba tulitazame jambo hili katika sehemu tatu. Kwanza..."

Hakusoma zaidi. Akaandika: "Kuja nyumbani saa kumi. Na dosie."

Saa kumi Landry akaingia uani, shati limechomekwa vizuri, faili la dosie kwapani. Mwavita akampa kiti. Maji hakumpa.

"Uliniuliza siku gani?"

"Mpendwa, wito wa Bwana huja kwa..."

"Siku gani, Landry?"

"Niliomba kwa ajili yako siku saba."

"Kumbe Mungu ulimuuliza. Mi je, uliniuliza siku gani?"

Landry akarekebisha kola.

"Nilijua ya kwamba wewe ni mwanamke wa imani, ungekubali. Na pili, nafasi hizi ni chache mno. Na ta..."

"Ukifika kwa tatu naingia ndani na mulango nafunga."

Akaishia hapo. Mwavita akamwangalia mpaka akainamisha macho. Alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Ile saa ya masikio yenu, ulipata ngapi?"

Landry akachangamka, maana hapo alikuwa na la kujivunia. Pale seminarini siku tatu ni za darasa, na nyingine wanatumwa majumbani. Kazi ngumu kuliko zote inaitwa saa ya masikio: unaingia nyumba ya mtu, unakaa saa nzima, huhubiri, hushauri, huombi kama hujaombwa. Mwalimu Orpha anasema mchungaji asiyejua kunyamaza ni redio tu, na redio watu wanazo.

"Kumi na nane kwa ishirini," alisema. "Niliongoza darasa."

"Ulimusikiliza nani?"

"Mama mmoja mjane wa Kamenge."

"Mama wa Kamenge, mwenye haumujui, saa muzima. Mi wako, miaka mbili, haujanipa dakika kumi." Akaweka simu juu ya meza, akatega kengele ya saa nzima. "Ukae. Leo we ni mwanafunzi, mi ni nyumba."

Mwanzoni alizungumza kwa hasira tupu, na Landry akafungua kinywa mara mbili. Mara zote mbili Mwavita alionyesha simu kwa kidole, na kinywa kikafungwa. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nilikuwa na miaka tisa wakati tulitoka Fizi. Mama aliniamusha, akanivalisha kanzu ya dada yangu, tukaenda. Hakuna mwenye aliniuliza. Tukafika Uvira, nikaanza kuzoea, tukatoka tena. Kuvuka mupaka kuja huku, wakatupakia kwa lori mpaka kambi ya wakimbizi. Nani aliniuliza? Hakuna. Vita haiulizake."

Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Kinama nilikuja na miguu yangu. Meza ya ndagala niliichagua mi mwenyewe. We pia nilikuchagua. Sasa mutu mwenye nilichagua, yeye ndiye ananipakia kwa lori tena."

"Mwavita, niliogopa..."

"Saa haijaisha."

Wakakaa hivyo, mmoja anasema, mwingine anameza mate, mpaka simu ikalia. Hata hapo Landry hakukimbilia kusema. Na aliposema, kile Kiswahili cha mimbarini kilikuwa kimemwishia.

"Niliogopa utasema apana. Ndiyo maana sikuuliza. Nilikosa, unisamehe."

Mwavita akangoja.

"Na pointi ya pili?"

"Haiko."

Ndipo akaenda kumletea maji. Kisha akachukua dosie na kalamu, akaukata ule mstari wa moyo wote, akaandika juu yake kwa mkono wake: *Ameulizwa leo. Atajibu Jumatatu.*

"Lakini inafungwa kesho," Landry alisema.

"Najua."

Landry akayanywa yale maji yote, akaiweka dosie kwapani, akaondoka.

Kesho yake, saa sita ikiwa imepita kidogo, ujumbe wa Mwalimu Orpha ukaingia: "Dosie nimeipokea. Mustari huu naupeleka mbele hivi hivi. Jumatatu tutakungojea, dada."

Nyuma ya ujumbe akaja Landry mwenyewe, jasho shingoni, akasimama mbele ya meza ya ndagala katikati ya wateja.

"Nina swali moja."

"Moja tu?"

"Moja. Jumatatu ukisema apana kwa Cankuzo, nitaandika apana. Lakini harusi, bado iko?"

Hakuongeza kitu, hakutaja mstari wa Biblia. Zubeda akaacha kupima binzari.

"Huyu anangojea nini?"

"Anangojea jibu, da Zubeda."

"Kumbe anaweza?"

Mwavita akajaza kikombe, akamimina kwenye mfuko wa mteja, akaongeza konzi ya bure, akafunga. Kisha akamtazama mchumba wake, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

"Hiyo nakujibu leo. Iko."

Landry akafungua kinywa. Akakifunga. Akazunguka meza, akachukua kikombe cha pili, akaanza kumpimia mteja aliyefuata.