Mwanangu Alinigusa Begani, Nikamsukuma

Nilimsukuma mwanangu wa miaka mitano, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Kosa lake? Alinigusa begani.

Basi! Alikuja kwa nyuma, akaweka kiganja chake begani kwangu, akasema, "Baba, chai tayari."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

Najua mshaanza kuandika matusi kwenye komenti. Subirini nimalize, mtanitukana vizuri zaidi mkiwa na ushahidi.

Mtoto hakulia. Alinitazama tu, damu ikimchuruzika juu ya jicho. Tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo shavuni. Mama yake akatoka jikoni mbio.

"Umefanya nini?!"

"Kanigusa."

"KAKUGUSA?! Mtoto wako wa kumzaa kakugusa?!"

Na niwaambie ukweli, ndani sikusikia kitu. Si huruma, si aibu. Mwili mzima unawaka moto, moyoni ganzi tupu.

Saa nne asubuhi walikuwa wameshafunga begi. Kidoti ana plasta juu ya nyusi, kashikilia sketi ya mama yake.

"Miaka mitatu nimeuvumilia huo mgongo wako," mke wangu akasema. "Kwa huyu hapa, hapana."

"Mtarudi lini?"

"Siku mwanangu atakapoweza kukugusa bila yeye kuumia."

Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki kwenye kiti, naitazama ile chai mpaka ikaota utando.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi marumaru, wa kubandika sakafuni. Miaka mitatu iliyopita niliinua maboksi mawili ya marumaru kwa mpigo, kwa ujuaji tu, mgongo ukasema ka! Hospitali wakaniambia wiki kadhaa nitakuwa sawa. Picha zikapigwa, zikatoka safi.

Maumivu yenyewe hayakupata taarifa.

Yalianzia kiunoni, yakapanda mgongoni, yakahamia begani, shingoni, mikononi. Ikafika mahali kola ya shati inaniunguza. Shuka linaniuma! Mtu akiwasha blenda jirani, natamani kuhama mtaa. Usingizi nilikuwa naupata vipande vipande.

Kaka yangu mkubwa naye ni fundi. Alizishika zile picha dirishani utadhani kasomea.

"Mgongo safi kabisa huu. Mdogo wangu, wewe huna ugonjwa. Una uvivu."

Siku ile mke wangu alipoondoka, kaka akaandika kwenye grupu la familia: "Jamani, tuache kumpa pole! Pole zetu ndizo zinamlemaza. Sasa kahamia kupiga watoto."

Vidole gumba kumi na kimoja vilimuunga mkono.

Kimoja cha mama yetu mzazi...

Sikulia. Nilivihesabu tu, kisha nikaweka simu chini.

Wiki ile nikaenda hospitali kuomba wanipasue. Niko siriasi! Wapasue popote, wakute kitu, nikipige picha nikitupe kwenye grupu. Daktari akanisikiliza, akaniandikia karatasi, akanielekeza chumba cha mwisho kwenye korido.

Humo nikamkuta mama mmoja mfupi, kavaa raba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mimi nataka upasuaji," nikamwambia hata kabla ya salamu.

"Karibu, fundi. Keti. Au simama, vyovyote utakavyoona nafuu."

Nikasimama.

Akaniuliza maswali kibao. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka bila wewe kutaka? Umekonda ghafla? Una homa? Yote hapana. Akanipima nguvu za miguu, akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniinamisha. Halafu akanipa karatasi yenye mchoro wa mtu, na kalamu nyekundu.

"Paka kila panapouma."

Nikapaka. Nilipomaliza, palikuwa peupe kwenye unyayo mmoja tu.

Akachukua kipande cha pamba, akakipitisha kwenye mkono wangu taratibu.

"AAAH!"

"Hii ni pamba, fundi."

"Naona ni pamba!"

"Inauma?"

"Inaunguza!"

Nikasubiri acheke. Nimezoea. Yeye akaandika, akaniuliza habari za mwanga, kelele na usingizi. Nikamweleza na la Kidoti, lote, kwa sauti kavu kama ya mtu anayesoma risiti. Akafunga faili.

"Maumivu yako ni ya kweli."

Nyie! Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuniambia hayo maneno. Nikatazama sakafu yake. Marumaru zimebandikwa ovyo, moja imeinuka pembeni.

"Na picha safi?"

"Picha nazo ni za kweli. Mgongo ulishapona zamani. Kilichobaki ni mfumo wako wa fahamu. Mishipa, uti wa mgongo, ubongo. Umekaa kwenye tahadhari muda mrefu, umekuwa mwepesi wa kushtuka kupita kiasi. Umeshasikia alamu ya gari inalia kwa sababu paka kapita?"

"Kila siku, mtaani kwetu."

"Gari halijaibiwa. Lakini kelele unaisikia, si unaisikia?"

"Kwa hiyo ni kichwani kwangu? Najifanya?"

"Hata ukijigonga nyundo kidoleni, ni ubongo unaokwambia panauma. Hujifanyi. Ila wakikupasua, watatengeneza nini? Watakuongezea kidonda tu." Akavuta kiti. "Niambie, siku ukiamka una nafuu, unafanyaje?"

Hapo ndipo nilipojianika.

Sisi mafundi tunachanganya saruji ya kubandikia ndoo nzima. Ukishachanganya, haingoji mtu, na kumwaga iliyokauka ni aibu. Kwa hiyo nikipata siku nzuri nilikuwa namaliza sakafu yote, magoti chini kutoka asubuhi hadi jioni, nikilipiza siku nilizopoteza. Baada ya hapo wiki nzima kitandani. Miaka mitatu hivyo hivyo!

Mama wa raba akatikisa kichwa.

"Changanya ya marumaru nne tu."

"NNE?!"

"Nne. Ukimaliza, acha. Hata kama unajisikia freshi. Hasa kama unajisikia freshi. Na siku mbaya, nne hizo hizo, ili ubongo ujue hakuna hatari. Tutapandisha polepole."

"Watanicheka."

"Wacheke."

Na mafundi wenzangu walicheka kweli. "Huyu anabandika marumaru au stempu?" Kaka akapiga picha vile vimarumaru vyangu vinne, akarusha kwenye grupu. Nikavumilia.

Kila siku kutembea kidogo. Kulala na kuamka kwa saa ile ile. Pumzi za taratibu. Na bega: mwanzo pamba, dakika mbili. Ikizoeleka, kitambaa laini. Halafu taulo. Halafu brashi ya nguo. Mwanaume mzima nakaa sebuleni najisugua bega kwa brashi, najiambia, inauma lakini hainidhuru.

Msidhani ni muujiza. Kuna wiki nilirudi nyuma kabisa, nikamwambia yule mama aniache. Hakuniacha.

Kufika mwezi wa tano wa mazoezi nilikuwa nabandika marumaru ishirini, na kola navaa. Nikamwomba mke wangu aje siku moja kwenye mazoezi. Akaja, akakaa pembeni na pochi yake mapajani, akasikiliza kila kitu. Kwenye korido akasema:

"Jumamosi nitamleta."

Jumamosi nikapiga magoti sebuleni mapema. Bega linauma kidogo tu. Nimejiandaa! Miezi mitano nasubiri mkono mmoja mdogo.

Mlango ukafunguliwa. Kidoti kaongezeka urefu. Juu ya nyusi kuna kovu.

"Kidoti wangu! Njoo!"

Nikanyoosha mkono.

Mtoto akainama, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mkono wangu ulikuwa mbali naye kabisa. Hatua nne, tano hivi!

"Mwanangu, baba hakupigi," mama yake akasema.

"Najua," akajibu, bado kajifunika.

Jamani... Nilikuwa nimeuzoesha mwili wangu kila kitu, pamba hadi brashi. Sikuwahi kuwaza hata siku moja kwamba alamu yangu nimemwachia yeye.

Ganzi ikanitoka pale pale. Nikalia, nyie, nikalia mbele ya mtoto. Hakuna siku mgongo umewahi kuniuma hivyo.

"Labda bado," mke wangu akanong'ona, akamshika mkono waondoke.

"Subiri. Usimlazimishe, lakini subiri."

Nikakaa sakafuni. Mikono yangu nikaikalia, yote miwili.

"Kidoti, leo hunikumbatii. Kidole kimoja tu, hapa kwenye goti. Na kama hutaki, si lazima."

Akachungulia katikati ya viwiko vyake.

"Goti linauma?"

"Kidogo."

"Nikiligusa utanisukuma?"

"Mikono nimeikalia. Ona."

Akazunguka mpaka nyuma yangu kuhakikisha. Akarudi mbele. Akanyoosha kidole, akakirudisha. Akakinyoosha tena, akanigusa goti, na akatimua mbio hadi kwa mama yake akipiga kelele.

"Nimemgusa! Mama, nimemgusa!"

Hiyo ilikuwa jana. Ndiyo yote iliyotokea, na imenitosha.

Kama una ndugu ambaye picha zake ni safi lakini bado analia, acha kumwita mvivu kwenye grupu. Mpeleke kwa mtu anayejua, apimwe, asikilizwe.

Na wewe unayeumwa kama mimi: maumivu yako ni ya kweli. Lakini uliowaumiza nayo, yao pia ni ya kweli. Usiwaambie yameisha kwa sababu wewe umepata nafuu. Kaa chini, kalia mikono yako, uwasubiri.