Mpelelezi wa Ghorofa ya Nne

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, Chiriku alisikia wenzake wakipita chini ya dirisha kwenda shule. Alisikia viatu, vicheko, na mtu mmoja aliyechelewa akiwaita wengine wamngoje. Baadaye kidogo mama yake, ambaye ni fundi cherehani, aliweka mkasi wake kwenye mkoba, akambusu kichwani, akateremka. Mlango ukafungwa. Chiriku akabaki na kitanda, meza, ukuta wenye ufa, na bibi yake jikoni.

Jina la Chiriku alipewa na bibi huyo, kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno na tangu hapo hakupatikana wa kumnyamazisha. Lakini sasa alikuwa na wiki tisa ndani ya nyumba hiyo, ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, na hata maneno yalianza kumwishia. Kati yake na barabara kulikuwa na vidato sitini na vinne. Alivijua vyote, maana alikuwa ameviteremka mara moja kwa kuserereka juu ya mkono wa ngazi, akishindana na mwenzake. Alifika chini wa kwanza, ni kweli, lakini alifika na mguu uliovunjika.

Alifungwa plasta ngumu wiki sita. Siku ilipokatwa, alidhani ataondoka akikimbia. Kumbe goti lililotoka mle ndani lilikuwa jembamba na kavu, halikunjiki. Hata kushuka ngazi hakuweza, kwa hiyo kila walipokwenda kliniki alibebwa mgongoni na mjomba wake, mchukuzi wa sokoni.

"Nimebeba magunia maisha yangu yote," mjomba alipenda kusema akihema kwenye ngazi, "lakini hili ndilo gunia la kwanza kunisengenya njia nzima."

Watu walicheka. Chiriku naye alicheka, ila moyoni alitamani ardhi ipasuke. Ana miaka kumi na miwili, na anabebwa mgongoni mbele ya jengo zima!

Kliniki kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mfupi mwenye mikono ya nguvu, ambaye watoto walimwita Mama Kunja. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mfupa umeunga, mwanangu," alimwambia. "Kazi iliyobaki ni yako. Utakunja goti mara ishirini asubuhi, ishirini mchana, ishirini jioni. Usipofanya, litakaza kama bawaba yenye kutu, na daktari atalazimika kukupa dawa ya usingizi alikunje kwa nguvu. Sitaki tufike huko."

Chiriku alijaribu. Mara ya tatu machozi yalimtoka, mara ya tano aliacha. Tangu siku hiyo bibi alipouliza kutoka jikoni, "Umefanya?" alijibu, "Nimefanya, bibi!" huku amelala chali akihesabu nyufa. Bibi, ambaye amekula chumvi nyingi lakini haoni kupitia ukuta, aliendelea kuchambua maharage.

Aliyegundua kwamba hapakuwa na mazoezi yoyote ni Profesa, msichana wa mlango wa pili, mwenye miwani mizito na dadu tatu mfukoni. Kila jioni alikuja na mchezo wake. Ulikuwa mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anachukua uhusika wa mtu fulani katika safari ya hatari, Profesa anasimulia yanayowakuta, na dadu zinaamua nani anafaulu. Chiriku daima alikuwa Mpiganaji. Wakati huo kundi lao lilikuwa limekwama pangoni kwa siku nyingi.

"Wewe hukunji hilo goti," Profesa alisema jioni moja, akilitazama. "Usinibishie. Sasa sikiliza. Pango ndiyo nyumba hii. Njia ya kutokea ni vile vidato sitini na vinne. Na wewe utakuwa watu watatu kwa pamoja."

Akachora ngazi nzima kwenye karatasi, kidato kwa kidato, kisha akaeleza. Mpiganaji ndiye atakayekunja goti. Tabibu atahakikisha mwili umekula, umekunywa maji, umelala mapema, na mguu umepumzika kila baada ya zoezi. Mpelelezi kazi yake ni kutangulia kutazama njia na kuwaambia wenzake ilivyo. Kila jioni atapima kwa futi ya kushonea ya mama umbali kati ya kisigino na makalio, goti likiwa limekunjwa, na kuandika. Siku hiyo ulikuwa sentimita thelathini na nane. Kila sentimita itakayopungua, kundi litashuka vidato viwili.

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Chiriku alisahau kuchungulia dirishani. Kesho yake alikunja goti akiuma mto, akapumzika, akanywa maji, na jioni akapata thelathini na saba. Vidato viwili! Profesa alisimulia jinsi walivyosikia upepo wa nje kwa mbali. Mama aliporudi alimkumbatia mpaka mbavu zikamuuma.

Siku ya pili goti liliuma zaidi, na futi ilisema thelathini na saba vilevile. Chiriku alitazama karatasi. Alimsikia mama akipanda ngazi kwa haraka, maana alikuwa na hamu ya kujua. Basi akaandika thelathini na tano.

Ndivyo ilivyoanza. Uongo wa kwanza ulimpa kukumbatiwa, na kukumbatiwa ni kutamu. Wa pili ulimfanya bibi apige vigelegele. Baada ya hapo Mpiganaji alikunja mara tano, mara nne, siku nyingine hakukunja kabisa, kwa sababu Mpelelezi alikuwa anashinda peke yake kwa kalamu. Siku ya kumi karatasi ilisema ishirini na tatu. Kundi lilikuwa kidato cha thelathini, na goti lilikuwa palepale.

Hapo ndipo Chiriku alipojikuta amefungiwa mara ya pili, na safari hii ufunguo alikuwa ameumeza mwenyewe. Mama alianza kumshonea sketi mpya ya shule, maana amerefuka, na akamwambia mwalimu kwamba mtoto atarudi karibuni. Mjomba alitangaza kwamba mgongo wake unastaafu. Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki, na Mama Kunja hasomi karatasi, anashika goti.

Chiriku hakulala vizuri. Akisema, wote watajua. Asiposema, Ijumaa watajua. Jumatano mchana, bibi alipopitiwa na usingizi kwenye kiti chake, alipiga moyo konde, akaamua kulipa siku kumi kwa mpigo mmoja. Mpiganaji haogopi maumivu, alijiambia. Akakunja mara ishirini, hamsini, mia. Alipofika mia na sitini, goti lilikuwa la moto. Jioni lilikuwa limevimba kama mkate uliozidi hamira. Alilifunika kwa shuka na kuandika ishirini na mbili.

Alhamisi mama alikuja na sketi mkononi, na Profesa nyuma yake, akitaka kuona.

"Haya, simama nione urefu," mama alisema, akivuta shuka.

Mama aliweka sketi mezani polepole, akapiga magoti, akaligusa lile goti kwa ncha za vidole.

"Umeanguka?"

"Hapana, mama."

"Nini basi?"

Chiriku alijaribu kulifunika tena kwa shuka. Kisha maneno yote yakatoka kwa pamoja, pamoja na kilio: namba za uongo, mara tano badala ya ishirini, mara mia na sitini badala ya ishirini. "Nilitaka mfurahi," alimalizia, na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa jibu dogo.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," bibi alisema mlangoni, kwa sauti ya chini.

Lakini aliyemuumiza zaidi ni Profesa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nasimulia kila siku tunatoka pangoni," alisema, "kumbe bado tumo ndani." Akaondoka bila dadu zake.

Ijumaa mjomba alimbeba bila utani hata mmoja, na huo ukawa mzigo mzito kuliko utani. Mama Kunja alilishika goti, akaligeuza kidogo, akashusha pumzi.

"Hakuna kilichovunjika. Siku mbili za kupumzika na kitambaa cha baridi, kisha tunaanza upya. Daktari ametupa wiki sita. Baada ya hapo ni ile dawa ya usingizi." Akamnyooshea mkono mama, aliyekuwa amemweleza yote na kuishika ile karatasi. "Hiyo ndiyo karatasi ya mchezo? Nipe."

Aliisoma yote, mpaka yale maelezo ya Tabibu pembeni.

"Huu mchezo ni mzuri," alisema hatimaye. "Mpiganaji hana kosa, alipigana vibaya kwa sababu aliambiwa mambo ya uongo. Tabibu alinyimwa kazi. Mpelelezi ndiye aliyeliangusha kundi. Hebu niambie, mpelelezi akikuta jabali njiani, akarudi akasema njia ni nyeupe, amewasaidia nini wenzake?"

"Hajawasaidia."

"Basi kuanzia leo mpelelezi hashindi kwa namba ndogo, anashinda kwa namba ya kweli. Ikiwa thelathini na tisa, andika thelathini na tisa, kisha uje unionyeshe. Nitajua la kufanya."

Jioni ile Chiriku alichechemea kwa kushika ukuta mpaka mlango wa pili, akarudisha dadu na kuomba radhi. Profesa alizipokea, akazihesabu. Kisha akauliza, "Leo ni ngapi?"

"Thelathini na tisa. Hata kidato cha kwanza hatujafika."

"Angalau sasa najua pa kuanzia kusimulia," Profesa alisema, akazitikisa dadu.

Wiki zilizofuata hazikuwa na raha. Chumba kilikuwa kilekile, na wenzake walipita chini ya dirisha kila asubuhi. Ishirini, pumzika, maji. Ishirini, pumzika, maji. Kuna juma futi ilisema ishirini na tisa siku sita mfululizo, na Chiriku akaandika ishirini na tisa mara sita, akikandamiza kalamu kwa hasira. Jioni ya sita mama alikaa kitandani, akauchukua mguu mapajani mwake, akaanza kuukanda bila kuulizwa. Siku ya saba ikawa ishirini na saba.

Ijumaa ya wiki ya sita, kliniki, Mama Kunja alilikunja goti, akasema, "Dawa ya usingizi haihitajiki. Kesho teremka ngazi mwenyewe, mguu mbovu utangulie." Jumamosi asubuhi mjomba alishuka mbele, kidato kimoja chini yake, mikono tayari. Mama alishika kiwiko. Profesa alihesabu. Bibi alisimama juu akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

Katikati ya ngazi Chiriku alisimama. Kijasho kilimtoka. Majirani wawili walikuwa wamefungua milango kutazama, na alijua kwamba angeweza kutabasamu na kuendelea.

"Hapa linauma," alisema kwa sauti.

"Sana?" mama aliuliza.

"Sana kidogo. Nataka kukaa."

Basi wakakaa, wote wanne, kwenye ngazi, wakamziba jirani aliyekuwa akipanda na ndoo. Mama aliweka kiganja chake juu ya goti.

"Ulipotuambia goti ni zima, tulikuacha peke yako nalo," alisema. "Hatukujua. Mtu akificha maumivu yake, mwanangu, hata wanaompenda hupita mlangoni pake. Siku uliyosema kweli ndiyo siku tuliyoweza kukusaidia. Usisahau hilo, hata ukiwa mkubwa."

"Sitasahau, mama."

Walipumzika mpaka mwenye ndoo akaanza kulalamika. Chiriku akashika mkono wa ngazi, akainuka. Vilibaki vidato thelathini, akavishuka vyote kwa miguu yake. Chini alisukuma mlango, akatoka nje na kusimama barabarani, jua likimpiga usoni, huku akimweleza mjomba bila kupumua yote aliyoyaona.