Nywele za Dimbwini

Sefu, rafiki yangu fundi wa Gitega, alitumwa Gasorwe, kule Muyinga, kutoa kipimajoto kilichokufa ndani ya dimbwi la kulowekea mihogo. Vipimajoto vya madimbwi ya huko hupokezana habari kwa redio dhaifu isiyovuka hata kilima. Akazamisha mkono kwenye maji yaliyooza, akakitoa kikiteleza kama makamasi.

"Mimi nisingekigusa," alisema Imelda, mwenye dimbwi. "Mihogo ya humu inaota nywele."

"Hiyo iko ukungu tu, mama."

Jioni, nyumbani Gitega, vilima vingi kutoka Gasorwe, umeme umekatika, Sefu alikifungua. Betri haikuwemo. Alichomoa fundo la nywele za mtu, zimelowa, zinanuka, akatapika. Gizani simu yake, anayosomea vipimajoto, ikalia. Kipimajoto kilikuwa kinapokea habari za wenzake wa Gasorwe, na joto lake lilikuwa la mwili wa mtu.