Mikono Begani

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la keki, kisiwa cha Batam, Indonesia. Runinga ilikuwa imewashwa. Wiki nzima watangazaji waliimba wimbo mmoja: orodha ya magaidi imevuja, majina arobaini, bandari zote macho. Waliyasoma majina kwa uroho, kama watu wanaosoma bei za nyama.

Hotma, mkuu wa genge, mtu mnene wa kabila la Wabatak, alisimama chini ya feni. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kililiwa na msumeno zamani.

"Saa sita na robo wanaume wako msikitini. Duka la dhahabu lina binti mmoja na mlinzi kikongwe. Dakika nne. Mzigo unalala chini ya keki. Saa nane, kivuko cha kwenda ng'ambo."

"Na bandarini?" aliuliza Zuriah, dereva. "Siku hizi wanakagua mpaka chupi."

"Hapo ndipo anapoingia Paryono."

Paryono aliangalia miguu yake. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua akabaki mifupa. Mama yake akasema jina limemlemea mtoto, akapika uji mwekundu na mweupe, akaita majirani, akambadilisha jina. Mtoto akapona. Lakini pasipoti ilifuata cheti cha kuzaliwa, na cheti kilibaki na jina la kwanza, Jagad Wasesa. Lilikuwa la kumi na saba kwenye orodha. Siri hiyo alimwambia Hotma peke yake.

"Unakwenda dirisha la kwanza," Hotma alisema. "Mashine inalia, manjagu wote wanakurukia. Sisi tunapita dirisha la mwisho."

"Halafu mimi?"

"Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye orodha si yako. Watakuachia. Saa kumi na moja unakula kwa mama."

"Kaka, kuna mtu alisota miezi minane kwa kufanana jina tu."

"Nilikuvisha ulosi, Paryono. Harusi ya binti yangu, mbele ya ukoo mzima. Mtu humtupa nduguye?"

Kwa Wabatak shuka lile si pambo. Ukivishwa, umekuwa damu. Paryono akakubali.

Saa sita na robo.

Dakika tatu zilitosha. Mlinzi alikaa chini kabla hajaambiwa. Ndani ya gari Zuriah alifukia mikufu chini ya keki.

Saa saba na dakika kumi.

Paryono alitangulia bandarini kwa pikipiki. Hotma akatoa simu, akafungua picha ya harusini, Paryono akivishwa ulosi.

"Unamtumia nani picha?" Zuriah aliuliza.

"Mtu wa runinga. Nimemwambia namba kumi na saba ndiye huyu, na leo anasafiri."

"Watamzika hai!"

"Akiachiwa leo, kesho ataulizwa alikuwa na nani. Gaidi haaminiki, hata aseme nini."

"Na wewe kwenye picha?"

"Uso wangu nimeukata. Endesha, dada."

Akaendesha. Roho ilimuuma, lakini akaendesha.

Saa saba na dakika arobaini.

Mashine ililia. Askari sita walimwangusha Paryono. Aliinua mikono kama alivyofundishwa, akajaribu hata kutabasamu.

Hotma alikuwa dirisha la mwisho, boksi la keki kwapani. Runinga ya ukutani ikabadilika: GAIDI ANASWA. Picha ikajaa kioo. Paryono, ulosi mabegani, na mikono miwili ikimtandazia. Uso uliweza kukatwa. Mikono ilikuwa imelala juu ya mabega yenyewe. Wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, na runinga ilikuwa imeuzungushia duara jekundu.

"Mshirika wake ni nani?" mtangazaji alifoka.

Paryono, akiwa magotini, aliitazama picha. Akaelewa yote. Kisha akamtazama Hotma kule mwisho wa ukumbi, kwa muda mrefu.

"Mikono hii ya nani?" askari alimtikisa.

"Ya ndugu yangu."

"Yuko wapi?"

Paryono akainamisha kichwa. "Sijui."

Hotma alimsikia. Nyuma yake Zuriah aliweka boksi lake sakafuni taratibu, akatoka kwenye mstari, akaondoka.

Afisa wa dirishani, mama mwenye ushungi, alisukuma kioo cha alama za vidole bila kuinua macho.

"Mkono wa kushoto, mzee. Vidole vyote."

Mkono ulibaki mfukoni.

"Mzee, kivuko kinaondoka." Aliinua macho. Yakampita Hotma, yakafika kwenye runinga, yakarudi mfukoni mwake. "Utoe mkono wa kushoto," alisema, na safari hii alikuwa amesimama.