Mikono Isiyohisi Moto

Kila Alhamisi asubuhi Nawara alimsaidia bibi yake kuoka mikate ya jua, ile inayoumuka juani juu ya paa. Bibi Hamida aliitoa tanurini kwa koleo. Nawara, mwenye miaka kumi na miwili, aliitoa kwa vidole vitupu.

"Huyu si mtu, ni koleo lenye nywele!" kaka yake Shazli alitania.

Nawara alicheka, kisha akashika kisogo. Kila alipocheka au kukohoa, kisogo kilimgonga kwa maumivu. Hakumwambia mtu. Kijiji kizima kiliisifu mikono yake.

Siku moja Bibi aliona malengelenge kwenye vidole vile. "Umeungua na hukulia, mjukuu wangu?" Kesho yake wakapanda treni hadi hospitali ya mjini Asyuti.

Daktari Inas, mpasuaji, alikuwa na vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto, kingine cha baridi. "Fumba macho," alisema, akimgusisha kimoja mkononi. "Hiki kikoje?"

Nawara alichungulia, akaona mvuke. "Cha moto."

Daktari hakukasirika. Alimfunga kitambaa machoni, akaanza upya, polepole. Nawara akakosea mara nne mfululizo.

"Binti, hapa sitoi alama. Ukinidanganya, nitatibu mikono ya mtu mwingine."

Nawara akalia. "Sihisi moto tangu mwaka jana. Na nikicheka kisogo kinauma. Niliogopa hawataniita hodari tena."

Picha za kichwa na shingo zilionyesha sehemu ya chini ya ubongo imeshuka, imebanwa pale fuvu linapokutana na shingo. Maji ya ubongo yaliyokosa njia yalikuwa yakijaa ndani ya uti wa mgongo na kuharibu neva za mikono.

"Utampasua hapo?" Bibi aliuliza.

"Nitaondoa mfupa kiasi cha tende, mama, ubongo upate nafasi. Tukichelewa, mikono itapooza. Hisia huenda zisirudi zote."

Kwa saa nne Daktari Inas alifanya kazi kupitia darubini, bila haraka. Alipotoka, Bibi aliibusu mikono yake. "Hii ndiyo mikono ya kusifiwa!"

Daktari aliirudisha nyuma kwa haya. "Msifu na mjukuu wako, mama. Aliposema kweli, nilijua pa kutafuta."

Miezi minane baadaye Nawara aligusa mkate tanurini. "Aa! Moto!" Mkate ukaanguka.

"Koleo limeharibika!" Shazli akapiga kelele.

Nawara alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kisogo kikatulia kimya.

Bibi alimkabidhi koleo lake. "Shika hili. Na mwili ukikuambia kitu, mwanangu, usikifiche ili usifiwe. Tuambie."