Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Hodi ile haikuwemo kwenye filamu.

Digrii alilijua hilo kama alivyozijua barua zake za kuomba kazi. Filamu aliihariri mwenyewe, kwenye kompyuta ya rafiki yake Kamera, iliyong'oka herufi, na pale katikati, mwanamke anapokaa kuutazama mlango uliofungwa, aliondoa kila sauti: upepo, kuku wa jirani, hata pumzi. Alitaka ukimya. Chuoni walimfundisha kwamba ukimya nao unasema. Hawakumwambia kwamba ndiyo lugha rasmi ya waajiri.

Sasa walikuwa watatu, yeye, Kamera na mwenzao Shangazi, ndani ya ukumbi mtupu wa sinema, asubuhi, katika mji wa mlimani uliojaa mabango ya tamasha na ukungu wa kukata kwa kisu. Fundi wa mitambo alikuwa anaijaribu filamu yao kabla ya maonyesho ya alasiri. Na ndani ya ukimya ule ule sauti ikasema, taratibu, kama mtu aliyesimama nje ya mlango ameshika viatu mkononi:

"Hodi."

"Karibu!" akajibu Digrii.

Hakufikiri. Nani hufikiri? Alilelewa na bibi yake mzaa mama, na kwa bibi yule mtoto aliyeacha hodi ining'inie hewani alifinywa sikio, na aliyemwacha mgeni aondoke bila kumwambia karibu tena alifinywa yote mawili. Shahada inafuta mengi, lakini si mafinyo.

Kamera akaangua kicheko. Alikuwa jitu la mtu, mpiga picha wa harusi, na kicheko chake kilihitaji nafasi. "Digrii wewe! Mwaka mzima hujaitwa hata intavyuu moja, leo hodi ya kwanza tu, karibu!"

"Afadhali mimi ninayekaribisha," Digrii akamrudishia. "Wewe harusi zote unazopiga, ulishaalikwa ipi?"

Angeishia hapo. Lakini ulimi wa Digrii ukishawashwa haukuwa na breki. Akageukia viti vitupu vya nyuma, akanyoosha mkono kama mwenye nyumba.

"Pita ndani, mgeni wetu. Kaa hapo nyuma ya Shangazi. Jisikie uko nyumbani."

Viti vya ukumbi ule vilikuwa vya kujikunja. Usipokikalia, kiti kinajifunga chenyewe kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nyuma ya Shangazi, kiti kimoja kikalia *kwiii*, kikashuka. Kikabaki chini.

"Springi imechoka," Kamera alisema. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

Harufu ikafuata, harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Shangazi akageuka kukitazama kile kiti, kisha akarudisha uso mbele, polepole, wala asiseme kitu. Huyu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote watatu, na ndiye aliyecheza yule mwanamke wa kwenye filamu, lakini jina la Shangazi walimpa kwa sababu ya kukaripia: umekula wewe, sweta lako liko wapi, hiyo simu utaiweka chini lini. Shangazi kukaa kimya, hilo nalo halikuwemo kwenye filamu.

Digrii akapanda hadi kwenye kidirisha cha fundi. "Kaka, ile hodi imetoka wapi?"

Fundi akavua vifaa vya masikioni. "Hodi gani, dada? Mimi nimesikia karibu tu."

Mlangoni wakakutana na Mama Redio, bosi wa kituo cha matangazo, aliyekuwa mmoja wa majaji wa tamasha. Alimshika Digrii mkono asiuachie. Alikuwa amesikia kionjo cha filamu yao, na msimulizi wa kionjo kile alikuwa Digrii.

"Ni sauti yako ile? Mimi natafuta mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na vyeti sitaki hata kuviona. Filamu ikiisha leo, panda jukwaani ujibu maswali ya watu. Nikukute pale. Ukinikwepa, nitamchukua mwingine."

Digrii akaitikia kwa heshima zote, shikamoo juu ya shikamoo. Miaka yote aliyokalishwa kwenye mabenchi ya ofisi za watu, akiambiwa tutakupigia, leo mtu ametaka kitu ambacho hakiwezi kupigwa fotokopi. Alitoka nje akitembea juu ya ukungu.

Mpaka alipomtazama Shangazi.

Mlimani pale, kwa baridi ile, kila aliyefungua mdomo alitoa moshi. Kamera alitoa wa kutosha kukausha samaki. Shangazi alisema, "Mji wenu ni mzuri," na mdomoni mwake hakikutoka kitu.

"Mji wetu?" Kamera akauliza. "Tumefika jana wote."

"Ahsante," Shangazi akasema.

Kwenye chumba cha nyumba ya wageni alisimama kizingitini mpaka alipoambiwa aingie. Akauliza akae wapi. Akakaa ukingoni mwa kitanda alicholalia mwenyewe usiku uliopita, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa. Digrii akamletea chai. Akaishika kwa mikono miwili, akashukuru, na chai ikaacha kufuka hapo hapo mikononi mwake.

"Shangazi, acha mchezo. Chukua sweta kwenye begi lako."

"Begi la mwenyewe sitalishika. Si adabu."

"Mwenyewe nani?"

Shangazi akatabasamu, tabasamu la mgeni anayependezwa na nyumba. "Mwenye nyumba amesogea kidogo. Amenipisha."

Kamera, jitu lile la mtu, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga kabati. "Digrii," akanong'ona. "Digrii, kucha zake. Tazama kucha."

Zilikuwa za buluu, na ubuluu ulikuwa unapanda kwenye vidole, taratibu, kama maji kwenye kitambaa.

Digrii akatoka kwenye korido akampigia bibi yake. Bibi yule alikuwa amepunga majini ya watu miaka mingi, mpaka magoti yalipomstaafisha. Digrii alishaandika insha ndefu chuoni kuthibitisha kwamba kazi ya bibi yake ni saikolojia tu, akapewa alama ya juu. Sasa alimsimulia kila kitu, simu sikioni.

"Nani alimkaribisha?" bibi akauliza, baada ya kusikiliza yote.

"Mimi, Bibi."

"Ulimwona?"

"Hapana."

"Na digrii yako yote hiyo!"

"Bibi, please, sio sasa."

"Usinipliz. Sikiliza. Mwili ni nyumba ya chumba kimoja. Mgeni akishazoea, mwenye nyumba ndiye anayebaki nje akibisha hodi. Giza likiingia naye yumo, mwenzenu mmempoteza."

"Nimtafute nani amfukuze?"

"Mgeni hafukuzwi, mjukuu wangu. Ukimfukuza, anaondoka na alichokalia. Mgeni husindikizwa. Aliyemkaribisha ndiye amtoe, kwa mguu wake, hadi nje ya mji njia inapogawanyika. Muage, geuka, rudi. Na maneno yawe machache. Umesikia? Machache. Naujua ulimi wako."

Digrii akatazama saa ya simu. Filamu yao ilikuwa inakaribia kuanza. Kama angekwenda ukumbini kwanza, angetoka jioni imeshashuka, na mlimani jioni haibishi hodi. Akafikiria benchi. Akafikiria tutakupigia. Akarudi chumbani akamkuta Shangazi pale pale, ubuluu umeshavuka viganja, naye anavitazama kwa furaha, kama mpangaji anayepima mapazia.

"Nenda wewe," akamwambia Kamera. "Mama Redio akiniulizia, mwambie nasindikiza mgeni."

"Kazi yako, Digrii..."

"Nimesema nenda!"

Kisha akamnyooshea Shangazi mkono. "Haya, mgeni. Nikutoe."

Yule mgeni akasimama mara moja, kwa adabu. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha alfajiri.

Wakashuka mtaa wa mabango huku watu wakipanda kuelekea ukumbini, wenye mitandio, wenye kamera shingoni, wanacheka, na hakuna aliyeona kitu isipokuwa mabinti wawili walioshikana mikono, wakapita maduka ya mwisho na ukuta wa mwisho, na hapo lami ikaisha, ukungu ukawafunga mbele na nyuma, na Digrii akaanza kusikia nyayo kwenye changarawe, zake, za Shangazi, na nyingine zilizokuja nyuma kidogo, nyepesi, za mtu asiyevaa viatu, zikisimama yeye akisimama na kuanza yeye akianza, na harufu ya utambi ikawa nzito mpaka akaionja ulimini, naye hakugeuka, alisema moyoni maneno machache maneno machache maneno machache, akaubana ule mkono wa barafu asije akaachia katikati ya njia kitu alichokikaribisha kwa mdomo wake mwenyewe, hadi misonobari ikajitokeza kwenye weupe ule kama watu waliosimama kungoja, na katikati yao njia ikagawanyika, moja kulia, moja kushoto.

"Kwaheri," akasema Digrii.

Mkono ukapata joto. Shangazi akaanguka magotini akihema, na moshi ukamtoka mdomoni, mwingi, mweupe, mzuri kuliko kitu chochote ambacho Digrii aliwahi kukiona.

Akageuka aondoke. Alikuwa ameshapiga hatua. Ndipo kutoka ndani ya ukungu, mbali kidogo, ile sauti ya mwenye viatu mkononi ikasema:

"Ahsante kwa ukarimu."

Na masikio yote mawili ya Digrii, yaliyofinywa tangu utotoni, yakaruka mbele ya akili yake.

"Karibu tena."

Neno likatoka likiwa na moshi. Moshi haukutawanyika. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ukungu, kama uzi unaovutwa.

Misonobari ilitulia. Shangazi akanyanyuka akijifuta magoti, akamtazama Digrii juu hadi chini.

"Wewe, sweta lako liko wapi? Na hapa tumefuata nini? Filamu si imeanza? Yaani nyie watu mkiachwa peke yenu..."

Aliongea njia nzima. Digrii alilia kwa furaha na kumkumbatia na kuitikia kwa kichwa, na Shangazi akasema, "Leo una nini, umemeza ulimi?" na Digrii akaitikia kwa kichwa tena.

Kamera akawakuta chumbani, giza linaanza. Aliingia kwa kelele, akafunga mlango kwa kisigino, akamwona Shangazi mzima anakunja nguo, akamnyanyua juu juu kama mtoto.

"Niweke chini, mshenzi!"

"Ni yeye! Digrii, ni yeye kabisa! Sasa keti nikupe habari. Mama Redio hakungoja hata maswali. Ukumbi mzima nywele zilisimama. Ule mwisho uliongeza lini bila kuniambia? Yule mwanamke anafungua mlango, nje ukungu mtupu, halafu sauti yako: Karibu tena. Hapo hapo yule mama akasema, ndiyo hiyo, ndiyo sauti ninayoitaka. Unaanza kazi Jumatatu!"

Digrii alitaka kusema kwamba hakuongeza kitu. Akafungua mdomo. Hewa ikapita tu, kavu, na juu ya ulimi ladha ya utambi. Akajaribu tena, akashika koo. Wenzake wakadhani ni furaha.

Mlangoni pakabishwa.

"Hodi."

Kifua cha Kamera kikajaa, mdomo ukafunguka kujibu, kama ambavyo mdomo wowote ungefunguka. Digrii akamrukia akauziba kwa mikono yote miwili. Macho yake yakatosha. Kamera akaelewa, Shangazi akaelewa. Wakaganda.

"Hodi."

Harufu ikapita chini ya mlango.

"Hodi."

Kisha kimya. Aliyebisha mara tatu asijibiwe huenda zake, hilo hata mtoto analijua. Kamera akashusha pumzi ndani ya viganja vya Digrii. Shangazi akafumba macho, midomo ikichezacheza kwa dua.

Ndipo kule nje sauti ya Digrii mwenyewe, ile iliyopendwa na Mama Redio, changamfu, yenye adabu zote za bibi, ikajijibu:

"Karibu tena. Pita ndani. Jisikie uko nyumbani."

Kitasa kikaanza kuzunguka.